ALPS, mtambo wa kusafisha maji ya nyuklia: je, unalifaa Ziwa Viktoria?

Tangu Siaya itajwe kuwa mahali panapofikiriwa kujengwa kinu cha kwanza cha nyuklia nchini Kenya, watu wa Kisumu wanauliza maji machafu ya kinu hicho yatamwagwa wapi. Mtambo unaotolewa mfano mara nyingi ni ALPS wa Fukushima Daiichi, kituo cha nyuklia cha Japani kilichopata ajali mwaka 2011, ulioanza majaribio mwaka 2013.

Sesiamu yenye mionzi, iliyo nyingi, huondolewa kwa sehemu kubwa na mitambo mingine kabla maji hayajafika ALPS. Yakifika, hutiwa kemikali mara mbili. Kwanza ni chumvi ya chuma, inayogandisha kobalti na chembe zinazotoa mionzi ya alfa. Pili ni kaboneti, ya kutoa kalsiamu na magnesiamu. Zikiachwa, zinainyima strontiamu, elementi nyingine yenye mionzi, nafasi ya kunaswa. Kisha maji hupita kwenye minara 14 iliyojazwa kaboni na vinasaji vingine, kila aina na isotopu zake (aina za atomi zenye mionzi). Mikondo ni mitatu, kila mmoja wa tani 250 kwa siku, na isotopu zinazolengwa ni 62. Kwa strontiamu, minara ikibadilishwa kwa wakati, kazi yake ni nzuri sana.

Isipobadilishwa, mambo huharibika. Takribani asilimia 70 ya maji yaliyorundikwa matangini Fukushima yalikuwa bado juu ya kiwango cha kumwagwa, baadhi kwa sababu miaka ya mwanzo haraka ilitangulizwa mbele ya usafi. Mwaka 2014 gasketi za Tefloni kwenye vichujio zililika kwa mionzi ya beta, tope la kaboneti likapenya, na strontiamu ikafika matangini. Ilibidi waweke gasketi za mpira unaostahimili mionzi. Mnunuzi yeyote na adai kwa maandishi aina ya kila gasketi na muda wake wa kubadilishwa. Tope lenyewe huhifadhiwa kwenye mapipa makubwa ya plastiki nzito, na humo mionzi huvunja maji na kutoa haidrojeni. Mwaka 2015 viputo vya gesi hiyo viliinua tope hadi maji yakavuja kwenye vifuniko. Pipa lisilo na tundu la hewa halifai, na lililojazwa hadi juu halifai pia.

Tritiamu haishikiki. Ni haidrojeni yenye mionzi iliyo ndani ya maji yenyewe, hivyo hakuna mnara unaoitenga, na nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni miaka 12.3. Dawa ya Fukushima ni kuipunguza makali kwa maji ya bahari. Maji husukwa ndani ya kundi la matangi 10, hupimwa, na kama yamefaulu tu ndipo huchanganywa hadi tritiamu ishuke chini ya bekereli 1,500 (kipimo cha mionzi) kwa lita, kisha hupitishwa kwenye handaki la kilomita moja chini ya bahari. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000. Umwagaji ulianza Agosti 24, 2023. Utaratibu huu wa kupima kabla ya kufungua vali ndio sehemu bora ya mradi wote, nasi tungeuiga bila kubadilisha neno.

Kuchanganya ndiko kusikohamishika. Kule, takribani tani 460 za maji kwa siku hukutana na pampu za bahari, kila moja ikivuta tani 170,000 kwa siku, na mkondo wa Pasifiki hubeba kinachotoka. Kinu kikiwekwa upande wa Ghuba ya Winam, maji ya kuchanganyia yatavutwa kutoka ghuba ileile isiyo na kina, ambayo hutokea ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Tritiamu ya jana itarudi kwenye pampu za leo. Gugumaji nalo huziba mdomo wa pampu, na pampu ikipungua nguvu, kipimo cha mchanganyiko kinavurugika papo hapo. Na jiji la Kisumu linakunywa maji hayo.

Ni kweli kinu kisichopata ajali hakihitaji mtambo mkubwa hivi. Vichujio, resini, kivukizi na matangi ya kusubirishia vinatosha kwa isotopu nyingi. Ila kinu cha maji ya shinikizo hutengeneza tritiamu kutokana na boroni iliyo ndani ya maji yake, kila siku kinapofanya kazi. Kwa hiyo tunaipa ALPS alama za juu kwa strontiamu, na kwa ghuba hii hatuupendekezi mpango wake wa umwagaji. Mdomo wa bomba la kutolea uwe ziwa kuu, mbali na Rusinga, na sampuli za maji ya kunywa ya Kisumu zianze kupimwa tritiamu miaka kadhaa kabla kinu hakijawashwa, ili ijulikane kiwango cha asili ni kipi.