Muvi ya Kihindi iliyotafsiriwa, diski ya Mwanjelwa: picha, sauti na nyongeza zake

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo: picha ya wastani, sauti inaudhi, lakini mtafsiri hatari.

Ninayoizungumzia ni muvi ya Kihindi ya kulipiza kisasi, ndefu karibu saa tatu, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Niliinunua kwenye meza mojawapo pale Mwanjelwa, Mbeya, kwa shilingi 2,000. Jina la muvi naliacha, maana ninachopima hapa ni diski, na diski za namna hii zinafanana sana, uzinunue Kabwe, Uyole au Mafinga. Orijino yake ninayo pia, shemeji aliniletea kutoka Dar. Kwa hiyo zote mbili nimezipitisha kwenye deki moja, TV moja na sabufa ile ile, tukio kwa tukio, huku nikitoa hii na kuingiza ile mpaka mama watoto akachoka akaenda kulala.

Picha kwanza. Ukitaka kujua unanunua nini, geuza diski uangalie chini. Iliyopigwa chapa kiwandani inang'aa rangi ya fedha. Iliyochomwa kwenye kompyuta huwa na rangi ya zambarau, na hiyo rangi ndiyo inayobeba data. Hii yangu ni zambarau. Diski ya kuchoma haipendi jua, na pale Mwanjelwa zinaanikwa juu ya turubai tangu asubuhi, kwa hiyo chukua ya chini ya rundo, si ile ya juu inayokutazama.

Jambo la pili ni idadi ya muvi zilizomo. Diski ya kuchoma ya kawaida hubeba GB 4.7. Orijino nyingi huwa na tabaka mbili na hufika 8.5. Muvi moja ya saa tatu kwenye 4.7 bado inapumua vizuri. Tabu ni zile za "sita ndani ya moja", ambazo kava lake lina vichwa vya mastelingi mpaka hakuna nafasi ya jina. Gawanya mwenyewe: kila muvi inapata chini ya MB 800. Enzi za VCD muvi moja ilikuja kwenye sidii mbili, kila moja ikiwa na kama MB 700, na ya Kihindi ilidai hata ya tatu. Maana yake kwenye sita ndani ya moja muvi inapewa nafasi ndogo kuliko ile ya VCD tuliyokuwa tukiilalamikia. Matokeo yake utayaona kwenye mvua, moshi na usiku: picha inavunjika vipandevipande vya mraba, na uso wa stelingi gizani unakuwa kama umejengwa kwa tofali.

Hii niliyonunua ina muvi moja tu, na hapo muuzaji anastahili sifa. Mchana picha yake inakaribia orijino. Ugomvi unaanza kamera inapotembea. Diski nyingi za Kihindi hutengenezwa kwa mfumo wa picha wa NTSC, wenye mistari 480, wakati sisi tunatumia PAL yenye mistari 576. Aliyechoma hii ameibadilisha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na ubadilishaji wa haraka unaacha mtetemo: kamera ikizungushwa juu ya mji, majengo hayapiti kwa ulaini, yanarukaruka. Asiyeangalia kwa makini hataona. Akishaona mara moja, ataiona muvi nzima.

Halafu kuna suala la nyuso. Kwenye TV ya flati ya nyumbani watu walionekana sawasawa. Niliipeleka kwa jirani mwenye chogo, wote wakawa wembamba na warefu, mpaka yule jambazi mnene akapungua kilo. Orijino ina alama ndani yake inayoiambia deki kwamba picha ni pana, na deki ikiambiwa TV ni ya chogo inaweka mistari myeusi juu na chini. Kwenye nakala hii alama hiyo imepotea. Kabla ya kumlaumu mchomaji lakini, ingia kwenye mipangilio ya deki uangalie umechagua TV ya aina gani, 4:3 (ya chogo) au 16:9 (pana). Nyumba nyingi nilizoingia hakuna aliyewahi kugusa hapo tangu deki itoke kwenye boksi.

Namba ya simu ya duka inayotembea chini ya picha muvi nzima sitaizungumzia. Mnaijua.

Sasa sauti, na hapa nitakaa kidogo.

Orijino ina Dolby Digital ya chaneli 5.1: maneno ya waigizaji yanatoka kwenye spika ya katikati, muziki pembeni, vishindo kwenye sabufa. Wengi wetu spika ya katikati hatuna. Tuna sabufa yenye spika mbili ndogo, na deki inalazimika kuzichanganya chaneli zote ziwe mbili. Ndiyo maana unapandisha sauti ili usikie mama anavyomnong'oneza mwanawe, dakika moja baadaye gari linalipuka na mtoto wa jirani anaamka. Dawa yake ipo kwenye menyu ya deki upande wa sauti, mpangilio ambao deki nyingi huuita DRC. Ukiuweka juu, minong'ono inapanda na milipuko inashuka. Nilipoiweka hivyo, orijino ikasikika vizuri kuliko nilivyotegemea.

Nakala iliyotafsiriwa haina habari hizo. Sauti yote imebanwa, bezi inavuma kama iko ndani ya pipa, na juu ya kila kitu yupo mtafsiri. Tatizo si yeye. Jamaa anajua kazi. Anabadilisha sauti kwa mzee, kwa binti na kwa polisi, wala hapotezi nani anaongea. Jambazi anapotoroka, kwetu sisi anakimbilia Tunduma ili avuke mpaka, na fedha zilizoibwa ni mamilioni ya shilingi. Kuna mahali shangazi mmoja anaringa na mtafsiri anamnyamazisha kwa sentensi ambayo haimo kabisa kwenye muvi, nikacheka kuliko nilivyocheka kwenye orijino. Tangu enzi za mtafsiri Lufufu na kanda za VHS, mtafsiri mzuri hatafsiri maneno peke yake. Anaisimulia muvi upya kwa watu waliokaa mbele yake.

Tatizo ni kwamba amefutiwa kila kitu ili apate nafasi. Wimbo wa kwanza, ule wa kwenye mashamba ya haradali, anauongelea mpaka katikati. Muziki wa hatari unaojenga dakika nzima kabla ya kisasi umeshushwa hadi hausikiki. Baba anakufa, kwenye orijino kuna ukimya unaokukaba koo, na kwenye nakala mtafsiri anatueleza kwamba baba amekufa. Tumeona, kaka.

Hata hivyo niliichukua diski hii kwenda nayo Tukuyu kwa bibi, na huko hesabu ikabadilika. Tukuyu ni sehemu inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyumba ya bibi ni ya mabati bila dari. Mvua ikianza, orijino yangu na minong'ono yake inakufa papo hapo, unabaki kutazama midomo. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na bibi lugha zake ni Kinyakyusa na Kiswahili. Sauti ya mtafsiri, ile ile niliyokuwa nikiilalamikia kule Mbeya kwamba imebanwa na inapiga kelele, ikapenya mvua bila shida. Bibi akavuta kiti karibu. Siku iliyofuata nilipoweka orijino aone nyimbo, akaniambia, "Mume wangu, toa hiyo, weka ya yule mwenye kelele." Nikaiweka. "Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, na mpaka mwisho hakutaka kuongeleshwa.

Kwa hiyo siwezi kusema tafsiri iondolewe. Ninachosema ni kwamba watengenezaji wa diski hizi wanatulazimisha kuchagua kati ya bibi na nyimbo, wakati DVD yenyewe haitulazimishi. Diski moja ya DVD inaruhusiwa kubeba hadi njia 8 za sauti. Ndiyo kazi ya kile kitufe cha AUDIO kwenye rimoti, ambacho kwetu kinakaa bila kazi mpaka rimoti inaharibika. Njia ya kwanza ingekuwa sauti ya orijino yenyewe, ya pili mtafsiri. Anayetaka Kihindi na nyimbo zake abonyeze mara moja, bibi abonyeziwe mara mbili. Nafasi si kisingizio: sauti ya stereo ya kiwango cha kawaida cha kilobiti 192 kwa sekunde, kwa muvi ya saa tatu, inakula kama MB 260 tu. Kwenye diski ya GB 4.7 hiyo ni sehemu ndogo. Wazungu wanafanya hivyo siku nyingi: kwenye diski zao nyingi mwongozaji wa filamu anaongea juu ya muvi yake mwanzo mwisho, anaeleza walipigia wapi na nani alianguka farasini, lakini anaongea kwenye njia yake ya pembeni. Usipomtaka, humsikii.

Nilimweleza muuzaji haya niliporudi Mwanjelwa. Akanisikiliza kwa adabu ya mtu mwenye wateja wengine. "Bosi, hapa hakuna anayeuliza sauti ngapi," akasema. "Wanauliza ametafsiri nani." Nikamwambia mimi nitalipa 5,000 kwa yenye sauti mbili. Akasema atawafikishia wanaomletea mzigo, huku anamfungia mwingine muvi za Kikorea.

Nyongeza ni fupi. Orijino ina menyu ya nyimbo, unachagua wimbo unaoutaka bila kupekua muvi nzima, na kuna nusu saa hivi ya jinsi walivyopiga mapigano, ambayo imeniondolea raha kidogo maana sasa kila stelingi akiruka natafuta kamba. Pia kuna matukio yaliyokatwa, na yalistahili kukatwa. Nakala haina lolote kati ya hayo. Ina matangazo ya muvi nyingine za mtafsiri yule yule, hayarukiki hata ukibonyeza nini, na menyu yenye kipande cha Bongo Fleva kinachojirudia mpaka uchague. Maandishi ya chini hakuna. Kwa asiyesikia vizuri, diski hii haina msaada wowote.

Mwaka 2013 serikali ilianzisha stempu za kodi za TRA kwenye diski za filamu na muziki. Kava la hii halina stempu, na sikutegemea iwe nayo. Aliyetunga muvi hapati kitu kwenye ile 2,000 yangu, na mtafsiri naye sidhani kama anapata zaidi ya alicholipwa siku aliyokaa na maiki, maana diski yake nayo inachomwa upya na kila mwenye kompyuta. Niliwahi kuona tafsiri ile ile kwenye kava jingine, jina la mtafsiri limefutwa na namba ya simu imebadilishwa.

Alama zangu: picha 6 kati ya 10, na ingekuwa 7 kama si ile namba inayotembea. Sauti 4. Nyongeza 1, ila mtafsiri peke yake nampa 9, na moja nimemkata kwa ajili ya kifo cha baba. Ukiwa na wazee nyumbani, au nyumba ya mabati na msimu wa mvua umeshika, inunue bila kusita, hakikisha tu ni muvi moja kwa diski na ijaribu pale pale kwenye deki ya muuzaji, uisogeze mpaka robo ya mwisho. DVD ya tabaka moja husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ya kuchoma ikiwa na kasoro mara nyingi huanza kuganda huko ukingoni, muda ule ule stelingi anapofika mlangoni kwa adui.