Tahadhari kwa wachezaji wa biliadi Lubumbashi: mikoba ya fimbo inayouzwa kwa picha

Ndugu wachezaji wa Lubumbashi, pamoja nanyi wa Likasi na Kolwezi mnaoagiza vifaa vyenu huku kwetu,

Kuna mtu anayepita katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook akipokea oda za mikoba ya kubebea fimbo za biliadi. Anaitangaza kuwa ni ya ngozi halisi, iliyoshonwa kwa mkono katika karakana ya hapahapa mjini, kila mmoja kwa vipimo vya fimbo ya mteja. Anataka nusu ya bei au zaidi ilipwe kwanza kwa M-Pesa au Airtel Money. Baadhi ya waliolipa hawajapata kitu, na namba waliyoitumia pesa haipatikani tena. Wengine wamepata mkoba, na hao ndio walionisukuma kuandika, kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza fimbo, na nimeletewa fimbo zilizoharibiwa na mkoba ulionunuliwa ili uzilinde.

Sitaandika jina lake wala namba yake. Majina anayotumia hubadilika kutoka kundi moja hadi jingine, na kwa kutaja mojawapo ningeweza kumchafua mtu asiyehusika, huku mwenyewe akiendelea kwa jina jipya. Kisichobadilika ni maneno yake na kazi yake, na kwa hayo mawili kila mmoja wenu anaweza kumtambua kabla pesa haijatoka mkononi.

Huanza na picha za kuvutia: mikoba yenye maua yaliyochongwa juu ya ngozi, mishono iliyonyooka, vishikio vilivyopigwa rangi. Picha nilizozitafuta kwa Google Lens, programu ya simu inayotafuta picha inayofanana, nilizikuta kwenye kurasa za wauzaji wa ng'ambo, zikiwa zimewekwa huko muda mrefu kabla yeye hajazirusha kwenye makundi yetu. Ukimwomba picha ya mkoba huohuo ukiwa wazi, utepe wa kupimia ukiwa umelazwa ndani yake, atakujibu kwamba mkoba umekwisha kwenda kwa mteja. Kisha huja haraka: «Yaya, ngozi imebaki ya mkoba mmoja tu, leta avansi leo, kesho kuna mwingine anaingoja.» Baada ya avansi, yaani malipo ya kwanza, kupokewa, siku hupita, na hatimaye anakuambia kwamba mzigo umekwama forodhani Kasumbalesa na inabidi uongeze pesa ya ushuru. Hapo mtu asimame na kujiuliza: mkoba ulioshonwa katika mitaa yetu ya Katuba au Kenya unafanya nini mpakani mwa Zambia? Na hata kama ungekuwa umetoka nje kweli, ushuru wa DGDA, mamlaka ya forodha ya nchi yetu, hulipwa benki kwa hati rasmi, haupelekwi kwenye simu ya mtu binafsi.

Hiyo ndiyo njia ya wizi wa moja kwa moja, na wengi wenu mnaifahamu kutokana na biashara nyingine. Ninataka nikae zaidi kwenye mikoba inayofika, maana huko udanganyifu umefichwa mahali ambapo mnunuzi hatazami, yaani ndani.

Fimbo ya kawaida ya vipande viwili ina urefu wa inchi 58, ambazo ni karibu sentimita 147, kwa hiyo kila kipande kina sentimita 74 hivi. Ukiongeza kifuniko cha kiungio (mahali vipande viwili vinapoungana), ambacho kila mwenye fimbo nzuri anapaswa kuwa nacho, nafasi ya ndani isipungue sentimita 78. Shina, yaani kipande cha nyuma unachokishika, hufikia unene wa milimita 32 hivi upande wa chini. Ufito, yaani kipande cha mbele, una milimita 21 au 22 kwenye kiungio, kisha hupungua hadi 13 au chini ya hapo kwenye ncha. Zipo pia fimbo za snuka zilizogawanywa katika sehemu zisizolingana, ambazo ufito wake peke yake unapita mita moja. Muuzaji anayesema kwamba mkoba wake wa sentimita 80 unaingiza fimbo yoyote, ama hajawahi kuiona fimbo ya namna hiyo, ama anajua kwamba anadanganya. Fundi wa kweli hukuuliza vipimo kabla ya kutaja bei, na kama fimbo iko karibu, huomba aishike na kuipima mwenyewe.

Mikoba niliyoifungua imejengwa juu ya mabomba ya plastiki ya maji machafu, yale ya kipenyo cha milimita 40. Kutumia bomba la plastiki si kosa hata kidogo. Mafundi wazuri wa nchi nyingine nao huanza na bomba, kwa sababu ni jepesi, halipindi, na hubeba uzito wa mkono ukilala juu yake. Kosa liko kwenye hesabu. Bomba la 40 hupimwa kwa nje, na ukuta wake una milimita 3, kwa hiyo ndani hubaki 34. Ukibandika kitambaa cha milimita 2 kuzunguka ukuta wote wa ndani, nafasi inakuwa 30, na shina la 32 haliingii. Badala ya kununua bomba la 50, ambalo lingebakiza nafasi ya kutosha kwa shina na kitambaa kizuri, mtu huyu ameacha bomba la 40 bila kitambaa, akabandika kipande kifupi cha mahameli mdomoni tu, pale ambapo vidole vya mteja vitafika. Kuanzia hapo kwenda chini, fimbo inasugua plastiki tupu kila unapotembea. Mashina niliyoletewa yana mikwaruzo mirefu iliyokwenda sawa na urefu wa fimbo, na wenyewe walidhani kuna mtu aliyezitumia kwa siri.

Mwishoni mwa bomba, mahali panapopokea uzito wote wa fimbo ukiushusha mkoba chini, kunatakiwa mto: sponji ngumu, mpira laini au ngozi iliyokunjwa mara kadhaa. Yeye ameweka katoni. Katoni ikishalowa au kubanwa, ncha ya fimbo, ambayo ni ya ngozi, inagonga plastiki moja kwa moja, na pete nyeupe iliyo chini ya ncha hupasuka. Pete hiyo ni ndogo, lakini kuibadilisha kunahitaji mashine ya kukerezea na mtu anayejua kazi yake, na kwetu watu hao si wengi. Ili kujua kama mto upo, ingiza kijiti kirefu ndani ya bomba na ukisukume taratibu hadi mwisho. Utasikia mwenyewe kama kimegusa kitu laini au kigumu.

Jambo linaloniuma zaidi ni gundi. Gundi ya viatu ina kiyeyushi kikali, na kazi yoyote iliyotumia gundi hiyo inapaswa kuachwa wazi, mahali penye hewa, mpaka harufu iishe kabisa. Mikoba hii inafungwa ikiwa bado mbichi. Mvuke unabaki ndani ya bomba, fimbo inalala humo usiku kucha, na vanishi inalainika na kunata. Plastiki laini iliyowekwa mahali pa ngozi huongeza tatizo, kwa sababu mafuta yanayoilainisha huweza kuhamia kwenye vanishi ya kitu kinachoigusa kwa muda mrefu, hasa vanishi za aina ya zamani. Ukifungua mkoba mpya ukapokewa na harufu kali ya gundi, usiingize fimbo yako, hata kama muuzaji atakuambia kwamba hiyo ndiyo harufu ya ngozi mpya. Ngozi ina harufu yake, na yeyote aliyewahi kupita kwa fundi wa viatu anazitofautisha.

Sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya pekee ya kutaka mkoba unaofunga vizuri. Kuanzia Novemba hadi mwezi wa nne mvua inanyesha na hewa inajaa unyevu; kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua na hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Mti hunywa unyevu na kuutoa, hata ukiwa umepakwa vanishi, na ufito mwembamba ukilowa upande mmoja zaidi ya mwingine hupinda. Fito nyingi hutengenezwa kwa mti wa maple (érable kwa Kifaransa) au wa ash (frêne), na miti hiyo yote huitikia unyevu. Kwa hiyo zipu ya mkoba iwe na ulimi wa ngozi unaoifunika, na kifuniko kishuke chini ya mdomo wa bomba kwa sentimita kadhaa, ili maji ya mvua yateremke nje. Mikoba ninayoizungumzia ina zipu iliyo wazi, tena imeshonwa upande wa juu. Ukiteremka kwenye basi la Kolwezi wakati wa mvua ya Januari, maji yanaingia moja kwa moja kwenye bomba, na kwa kuwa chini limezibwa, hayana pa kutokea.

Kuhusu ngozi yenyewe, nitakuwa mfupi. Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi halisi inaonyesha nyuzi zilizosokotana kutoka juu hadi chini. Ngozi ya bandia inaonyesha utando mwembamba uliolazwa juu ya kitambaa. Usiridhike na mchezo wa kiberiti, maana anayewasha moto ni muuzaji na ndiye anayechagua auguse wapi na kwa muda gani. Jina la kampuni mashuhuri lililogandamizwa kwenye ngozi nalo halithibitishi lolote, kwa kuwa muhuri wa chuma wa kugandamizia jina huchongwa popote. Sisemi kwamba kila mtu lazima anunue ngozi. Turubai nzito iliyoshonwa vizuri, juu ya bomba la kipimo sahihi lenye kitambaa safi ndani, ni bora mara nyingi kuliko ngozi ya kweli iliyofunika katoni, na bei yake ni nafuu. Kinachokatazwa ni kuuziwa plastiki kwa bei ya ngozi.

Mafundi waaminifu tunao. Katika mitaa ya Kenya na Kamalondo kuna washonaji wa viatu na mabegi ambao mikono yao inaweza kabisa kutoa mkoba mzuri, na tapeli huyu anawaharibia kazi, kwa sababu aliyekwisha kuibiwa anaogopa kumlipa mtu yeyote avansi. Hata hivyo fundi wa kawaida hana mtaji wa kununua ngozi kwanza na kukungoja, na si haki kumdai hivyo. Njia ninayoipendekeza ni kwenda naye dukani, ununue wewe mwenyewe bomba, zipu, kitambaa na ngozi, kisha umlipe ujira wake kwa sehemu: kiasi kidogo siku ya kuanza, kiasi kingine baada ya kuona mabomba yamevikwa kitambaa kabla hayajafunikwa, na kilichobaki siku ya kuchukua, baada ya kuingiza fimbo yako na kuitoa. Hatua ya kati ndiyo muhimu, maana ngozi ikishashonwa juu, huwezi tena kuona kilicho ndani bila kukata. Fundi anayekubali kukaguliwa katika hatua hiyo hana la kuficha. Mumwambie pia mnataka nafasi ngapi: mashina mawili na fito nne ni mpangilio unaowatosha wengi, na kamba ya begani ifungwe pete zake karibu na upande wa mashina, kwa sababu huko ndiko uzito uliko.

Waliokwisha kulipa na hawajapata kitu wasifute mazungumzo, hata kama yanawaudhi. Hifadhini ujumbe wa muamala wenye namba yake ya kumbukumbu, tarehe na jina lililojitokeza wakati wa kutuma, pamoja na picha za tangazo. Kanuni ya adhabu ya nchi yetu, katika kifungu cha 98, inaadhibu utapeli, na kifungu cha 99 kinamgusa anayemdanganya mnunuzi kuhusu kitu alichouziwa, kwa hiyo hata waliopewa mkoba wa plastiki badala ya ngozi wana haki ya kulalamika. Malalamiko yanayopelekwa na watu kadhaa kwa pamoja, kila mmoja na vielelezo vyake, hayapuuzwi kirahisi kama ya mtu mmoja, na ndiyo maana nawaomba muwasiliane ninyi kwa ninyi.

Ambao fimbo zao zimo ndani ya mikoba hiyo hivi sasa, zitoeni leo. Zifuteni kwa kitambaa laini kilichokauka, bila spiriti wala petroli, kwa sababu vanishi iliyolainika hutoka pamoja na uchafu. Msiziegemeze ukutani, zilazeni mahali palipo sawa, penye kivuli na hewa, mpaka zisinate tena mkizigusa. Mkoba wenyewe unaweza kuokolewa kwa sehemu: fundi akate mshono wa chini, atoe katoni, aweke mto wa mpira, na kama bomba ni la 40, alibakize kwa ajili ya ufito tu na kuweka la 50 kwa shina. Baada ya kubandika kitambaa kipya, mabomba yakae wazi pande zote mbili kwa wiki nzima kabla ya kufungwa, na fimbo isirudishwe humo hadi mtu anuse mdomo wa bomba asisikie gundi.