Uzoefu wangu: Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA)

Sisi wa Moshi, KIA ndipo tunapowasindikizia ndugu na ndipo tunapowapokelea. Nimeutumia tangu kabla ya ukarabati, kwa hiyo nawaandikia wanaojiuliza kama waje moja kwa moja au watue Nairobi kisha wapande basi la kupitia mpaka wa Namanga. Njooni KIA.

Hapa unashuka ngazi za ndege na kutembea kwa miguu hadi jengoni, upepo wa uwandani unakupiga, na mawingu yakifunguka Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ile pale. Ukitokea Dar omba dirisha la upande wa kulia, na kama unaweza chagua ndege ya asubuhi. Ukarabati uliokamilika 2017 kwa msaada wa Uholanzi uliongeza uwezo wa jengo hadi abiria milioni 1.2 kwa mwaka. Faida yake niliiona siku ndege mbili zilipotua karibu wakati mmoja: foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu, lakini ilisogea, na mizigo ikatoka haraka.

Ninaowavulia kofia zaidi ni waliouanzisha. Ulifunguliwa 2 Disemba 1971, kwa mkopo wa Italia, ili watalii wa Serengeti, Ngorongoro na mlimani wafike bila kupitia nchi nyingine. Miaka sita baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Kaskazini ilikuwa tayari na mlango wake! Njia ya kurukia ya kilomita 3.6 waliyoiweka wakati ule ndiyo inayopokea ndege kubwa za kutoka Ulaya mpaka leo. Mwenye shaka na umuhimu wa urefu huo akumbuke Disemba 2013, Boeing 767 iliyokuwa inakuja KIA ilipotua kwenye uwanja mdogo wa Arusha, kule Kisongo, ikaishia nje ya lami. Uendeshaji nao umepita mikono kadhaa: kampuni ya KADCO ilikabidhiwa 1998, na tangu 2023 uko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege.

Usafiri wa kutoka uwanjani upangeni mapema. Arusha ni kama kilomita 50, Moshi ni karibu kidogo. Daladala za Arusha–Moshi zinakushusha njia panda ya KIA, na kutoka hapo hadi uwanjani ni kilomita kama sita za bodaboda au teksi. Patana bei kabla hujapakia begi. Kwa ndege ya usiku, mwombe ndugu aje na gari au agiza teksi tangu mchana.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka kwa basi la umma la nauli nafuu, linalofika hadi mlangoni saa zote ndege zinapotua, ili hata mama wa Rombo asiye na gari aweze kuja kumpokea mwanawe.