Kamera ya digrii 360 kwa nyumba za Lamu: ununue ipi?

Wenye nyumba za wageni hapa Lamu siku hizi wanataka picha ambayo mteja, kabla hajalipa, anaizungusha kwa kidole au anavaa miwani ya uhalisia pepe akajiona amesimama chumbani. Wakiniuliza wanunue kamera gani, mimi nawauliza kwanza: chumba chenu kina giza kiasi gani? Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na madirisha machache. Kamera inayong'aa mchana ufukweni Shela, ukiingia nayo chumba cha ndani, vidaka vyote vinakuja na chembechembe kama vimemwagiwa mchanga.

1. Insta360 X5. Ilitoka 2025. Sensa yake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni ya inchi 1/1.28, kubwa kuliko ya ndugu zake wa zamani X3 na X4, kwa hiyo kwenye giza inajikaza. Lakini nimeiweka juu kwa sababu nyingine: lenzi ikikwaruzika unanunua nyingine na kuibadilisha mwenyewe. Kamera hizi lenzi zimetokeza pande zote mbili kama macho ya kaa, hakuna upande wa kuilaza. Ile niliyokuwa nayo zamani niliilaza barazani nipokee salamu ya mzee mmoja, dakika haikufika. Tangu siku hiyo kila picha ya juani ilikuwa na ukungu upande mmoja, na lenzi zake hazikuwa za kubadilishwa. X5 pia inazama hadi mita 15, basi mawimbi ya jahazi hayaitishi.

2. Ricoh Theta Z1. Ya 2019, na bado kwa chumba kilichotulia naipenda kuliko zote: sensa mbili za inchi moja moja, na inatoa faili ghafi unazoweza kuzisafisha baadaye. Ubaya wake, betri haitoki, kadi haiingii, na maji haiyawezi. Kama kazi yako ni vyumba tu, hii ndiyo namba moja yako.

3. Insta360 X3, mtumba. Picha za megapikseli 72, mchana safi kabisa. Kabla ya kutoa pesa, mulika lenzi kwa tochi ya simu, tazama tundu la chaji kama chumvi haijalila, kisha piga picha ukiwa karibu na mlango wa nakshi uone kama mshono, pale picha za lenzi mbili zinapoungana, umekata maua.

4. Theta SC2. Ya kujifunzia. Ina GB 14 za ndani na hakuna pa kuongeza kadi.

5. Kamera kubwa, lenzi ya jicho la samaki (inayoona upana mkubwa) na kichwa cha panorama, kifaa cha kuizungushia kamera papo hapo upige picha kadhaa za kuunganisha. Ubora wake haushindiki. Programu ya kuziunganishia, Hugin ni ya bure, PTGui unalipia. Ila katika kichochoro ambacho kiwiko kinagusa ukuta, kichwa kikikaa vibaya kidogo tu mistari haikutani. Halafu apite punda! Utampata kichwa picha hii, miguu picha ile.

Vichochoroni, kwa hizo nne za mwanzo, elekeza lenzi kwenye kuta, si kwenye urefu wa njia. Mshono hukaa ubavuni mwa kamera, na vitu vya mbali huunganika vizuri kuliko vya karibu. Kamera iwe usawa wa macho, juu ya kijiti chembamba, nawe ujifiche nyuma ya mlango ubonyeze kwa simu. Na upige hodi kweli kweli kabla ya kuanza: kamera hii haina nyuma, inamwona na mama anayeanika nguo ghorofani.

Kushiriki picha ndiko wengi wanakokwama. Faili inayotakiwa ina upana mara mbili ya kimo, na ndani yake kuna maelezo yanayoiambia programu kwamba hii ni picha ya kuzunguka. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na maelezo yanafutwa. Mteja anapokea kitu kilichonyooshwa kama mkeka, anadhani umemharibia. Itume kama dokumenti. Ile programu ya simu ya Street View ilifungwa 2023, kwa hiyo picha ya nyumba yako sasa ipakie Google Maps kwenyewe, mahali ilipo nyumba.