Trela safi, dereva safi, lakini huyo tanboi! Nilivyosafirisha farasi Njoro mpaka Kisumu

Jina la kampuni ya trela silitaji kwa sababu bado tunavutana nao juu ya pesa, lakini mtu yeyote wa farasi huku upande wa Nakuru anayepanga kushusha mnyama Kisumu tafadhali asome hii. Ilikuwa mwezi uliopita ama ule wa kabla yake, na mpaka leo nikimpaka farasi wangu Tausi dawa nyuma ya masikio hasira inanipanda upya.

Nilikuwa nahama kutoka Njoro kuja Kibos, hapa Kisumu, na kitu pekee kilichoninyima usingizi ni huyu farasi wangu jike. Vitanda na sufuria zikivunjika zinanunuliwa. Kwa hivyo nikalipa bei ya juu, nikachukua kibali kwa daktari wa mifugo, nikahakikisha amechanjwa mapema ile homa ya farasi inayoletwa na visubi maana huku ziwani ni chini na kuna joto, sio kama Njoro.

Trela yenyewe sina neno nayo. Chini kuna mpira mzito usioteleza, madirisha yako juu hewa inapita vizuri, katikati kuna kizuizi kimefungwa sponji. Na dereva, huyo mzee Mungu ambariki, ndiye alisema mwenyewe kwamba farasi akiwa mmoja kwa trela ya wawili anakaa kulia, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na barabara imeinama kuelekea mtaroni, ukiweka uzito wote kushoto trela inavutwa nje. Nikajua nimepata watu. Nilikuwa nawafuata nyuma na pikapi, tukapita Elburgon, Molo, tukatokea Mau Summit, na sikuona hata mara moja akikanyaga breki kwa ghafla. Farasi ndani haoni barabara, hajui kona inakuja saa ngapi, anasimama akijishikilia kwa miguu yote njia nzima, kwa hivyo dereva wa haraka anamchosha kuliko umbali wenyewe.

Shida ilianza Kericho kwa petroli stesheni. Nikachungulia ndani nikaona tanboi, yule msaidizi wa dereva, amemfunga Tausi kamba fupi sana, kichwa kiko juu kabisa, hata nyasi kwenye wavu anazifikia kwa shida. Farasi lazima aweze kuinamisha kichwa, hivyo ndivyo makamasi na vumbi hutoka, ukimfunga kichwa juu masaa mengi uchafu unashuka kwa mapafu na anaweza kupata nimonia. Nikamwambia kijana kwa upole kabisa, kaka, tafadhali mlegezee kidogo na tumpe maji. Akanijibu bila hata kunitazama, anatafuna miwa, "Madam, huyu ni punda mkubwa tu. Mimi nimebeba ng'ombe kabla wewe hujajua trela." Watu wa bodaboda pale wakacheka. Maji hakutoa. Dereva ndiye alirudi kutoka kulipa, akasikia, akalegeza kamba mwenyewe na kuleta ndoo, na Tausi akanywa karibu yote. Hapo ningesahau, kweli ningesahau, ningewapa nyota nne na maneno mazuri.

Sasa tumefika Kibos, jua kali, Tausi ametoka jasho shingoni na anataka kutoka. Saisi, yaani mtunza farasi, yeyote wa maana anajua hii hata ukimwamsha usiku: ukipakia, chuma cha nyuma kinachozuia matako ya farasi kinafungwa kwanza ndio ufunge kichwa, na ukishusha, kichwa kinafunguliwa kwanza ndio utoe chuma. Farasi akihisi nyuma kuko wazi na kichwa kimeshikwa, anajitupa nyuma na nguvu zake zote. Huyu kijana akashusha mlango, akachomoa chuma, ndio akaanza kuzunguka kwenda mbele kufungua kamba. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tausi akarudi nyuma, halta, ile mikanda ya kichwani, ikamkamata nyuma ya masikio, akakaa chini kwa matako kwenye mlango kama mbwa, kwato za mbele zikipiga chuma, macho meupe. Na kamba ilikuwa nailoni, imefungwa moja kwa moja kwa ringi, wakati inatakiwa upitishe kwa kipande cha katani kinachokatika mnyama akivuta sana. Ile fundo ilikuwa imekaza hivi kwamba dereva aliikata na panga. Ngozi imechubuka nyuma ya masikio, na mguu wa nyuma umechunika juu ya kwato mpaka nyama inaonekana.

Na unajua kijana alisema nini? "Hii punda yako ni mkali." Alisema hivyo damu ikitoka.

Kwa hivyo msiwachukue. Ama tuseme, ukipewa yule mzee kama dereva na ukienda na saisi wako mwenyewe wa kushika kichwa, wachukue, trela kama hiyo kwa hizi pande si rahisi kupata, na sioni ningempandisha Tausi kwa kenta ya ng'ombe. Lakini hapana, nikifikiria vile ofisi imenijibu nabadilisha tena. Nimewapigia mara nyingi, wanasema watanitumia nusu ya bili ya daktari "kama msaada". Msaada wa nini, nimeomba mchango? Nyota moja, na hiyo ni ya mzee peke yake. Bili nataka yote, na huyo kijana asiguse kamba ya farasi wa mtu mwingine mpaka mtu amfundishe kazi.