Umeme wa nyumba mpya Bagamoyo: uanze na upi?

Ukishapaua nyumba yako Zinga au Kiromo, usikimbilie duka la sola. Pima kwanza umbali kutoka ukutani mpaka nguzo ya TANESCO iliyo jirani.

Ikiwa ndani ya mita 30, chukua umeme wa TANESCO, tena bila kusita. Kwa viwango vilivyoanza 2022, kuunganishiwa fezi moja ni Sh 27,000 kijijini na Sh 320,960 mjini. Mjini ukihitaji nguzo moja ni Sh 515,618, mbili Sh 696,670. Ulizia mapema kiwanja chako kimehesabiwa kijiji au mji. Waringi wa ndani ni juu yako, na usiubane kwenye athi, yaani fimbo ya chuma inayopeleka ardhini umeme unaovuja: mchanga mkavu wa pwani haupitishi umeme vizuri, hivyo fundi aizamishe hadi kwenye unyevu, kisha apime.

Nguzo ikiwa mbali, nenda sola. Friji ndogo hula kama uniti 1 kwa siku. Taa sita, feni na TV hufikisha 2. Kwa saa tano za jua kali, na robo ikipotea njiani, paneli mbili za wati 300 zinatosha.

Betri ndiyo inayomaliza pesa. Ya maji (ya risasi na asidi), ya volti 12 na Ah (ampia-saa) 200, ni nafuu dukani, lakini ukiitumia kupita nusu unaiua. Maana yake ni uniti 1.2 tu, kwa hiyo utanunua mbili, na joto letu litazichosha ndani ya miaka michache. Litiamu ya ukubwa huohuo hutoa karibu uniti 2 na hudumu mara kadhaa zaidi. Jikaze, nunua hiyo.

Kosa tunaloliona sana ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, kuwekwa sebuleni, betri stoo, mita 10 za waya wa milimita 4 za mraba katikati. Kwa ampia 20 zinapotea karibu volti 2. Friji ikitaka kuwaka, inveta inalia na kuzima huku betri imejaa, halafu betri ndiyo inalaumiwa. Viweke umbali wa hatua moja tu, kwa waya wa milimita 35 za mraba. Paneli zitazame kaskazini, zilale nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe chumvi, na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Jenereta iwe ya mwisho, ya akiba tu. Ni rahisi kununua, lakini friji inapoa pale tu petroli inapoungua. Isiwashwe ndani wala chini ya dirisha, moshi wake huua watu usingizini. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, kisha kila saa 100.