Ubao wa mbinu wa sumaku mbele ya timu iliyopaki basi

Ubao wa mbinu unaokunjwa katikati, wenye vidonge vya sumaku vyekundu na vya bluu pamoja na kalamu ya kufutika, haukosekani siku hizi katika maduka ya vifaa vya michezo, na makocha wengi wa timu za mtaani na za shule huununua kwa bei isiyozidi ile ya mpira mmoja mzuri wa mechi. Huu nilionao una uwanja mzima upande mmoja na nusu ya uwanja upande wa pili. Sikutaka kuupima kwa kupanga mfumo wa wachezaji wa 4-3-3 dhidi ya 4-4-2, kwa kuwa kazi hiyo hata kipande cha chaki kinaimudu. Niliupa kazi ngumu zaidi, ya kueleza kwa nini timu inayomiliki mpira karibu muda wote hushindwa kumfungua mpinzani aliyerudi nyuma na kupaki basi, yaani kujaza wachezaji wake karibu wote mbele ya goli lake.

Mechi niliyoipanga ni ya Hispania na Morocco, hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia, iliyochezwa tarehe 6 Desemba 2022 katika Uwanja wa Education City nchini Qatar. Hispania ya kocha Luis Enrique ilipiga pasi zaidi ya 1,000 katika dakika 120, ikaambulia shuti moja tu lililolenga goli, kisha ikatolewa kwa penalti 3-0. Miaka minne kabla ya hapo, jijini Moscow, ilikuwa imepita njia hiyo hiyo dhidi ya Urusi, kwa wingi ule ule wa pasi na kilio kile kile cha penalti.

Katika kuonyesha umbo la timu, ubao huu hauna mpinzani. Kwa upande wa Morocco, ukimweka kiungo Amrabat mbele ya mabeki wanne, ukawarudisha mawinga Ziyech na Boufal wawasaidie mabeki wa pembeni Hakimi na Mazraoui, kisha ukamsogeza mshambuliaji En-Nesyri karibu na Busquets, kiungo wa Hispania, utaona mara moja jinsi katikati palivyozibwa. Ukimweka Asensio acheze namba tisa (mshambuliaji wa kati) anayeshuka kutafuta mpira, kasoro ya Hispania inajitokeza yenyewe: mabeki wa kati wa Morocco hawana mtu wa kuwashika pale nyuma, hivyo wako huru kusogea na kuziba kila pengo. Vidonge vyekundu, yaani Hispania, karibu vyote vimejaa mbele ya ukuta wa mabeki, vinasubiri pasi ya mguuni, na hakuna kinachokimbilia nyuma yake. Mchezaji wa miaka kumi na tano analielewa hilo bila mhadhara, na kwa hilo pekee ubao unastahili fedha yake.

Matatizo yanaanza ukitaka kuonyesha dawa. Upande wa uwanja mzima, mita 105 zimebanwa katika takriban sentimita 50, kwa hiyo kidonge chenye upana wa sentimita 2 kinakalia eneo la zaidi ya mita 4 za uwanja halisi. Ukipanga wachezaji ishirini karibu na eneo la hatari, vidonge vinagusana, na ile nafasi kati ya beki wa pembeni na beki wa kati, ambayo ndiyo mlango wenyewe unaotafutwa, inapotea kabisa. Kwa somo hili tumia upande wa nusu uwanja peke yake.

Kasoro kubwa zaidi haimo katika vipimo, nayo haielezwi kwenye boksi. Ukuta wa namna ile hufunguliwa kwa muda na kasi, na ubao haujui muda. Chukua pasi ya mtu wa tatu: Pedri wa Hispania anapokea kati ya mistari ya viungo na mabeki wa mpinzani, anamrudishia Busquets kwa mguso mmoja, na papo hapo Gavi, mtu wa tatu, anachomoka kuingia nyuma ya beki ili apokee pasi ya Busquets. Matendo hayo yanapaswa kutokea karibu kwa pamoja, lakini kocha ana mikono miwili na anasogeza kidonge kimoja baada ya kingine huku vile vya bluu vya Morocco vimeduwaa. Ndiyo maana ubaoni kila shambulizi huishia wavuni. Vivyo hivyo, kuhamisha mpira kutoka kwa Alba, beki wa kushoto, hadi kwa Llorente, beki wa kulia, kwa pasi mbili kali, au kwa pasi sita za polepole, kunaacha mstari ule ule wa wino, ilhali uwanjani njia ya kwanza inamkuta mpinzani bado anahama na ya pili inamkuta amekwisha kufika, amejipanga na amepumua.

Kidonge pia hakina uso wala mgongo. Kiungo anayepokea akiwa ameligeuzia goli mgongo hana la kufanya ila kurudisha mpira alikotoka, na sehemu kubwa ya zile pasi 1,000 ilikuwa ya aina hiyo. Mimi huchora mstari mfupi wa wino juu ya kila kidonge kuonyesha mchezaji anatazama wapi. Ujuzi wa mtu binafsi nao hauonekani. Nico Williams, aliyeingia kipindi cha pili, alikuwa winga wa kumkabili beki na kumpita, na mtu wa namna hiyo humlazimisha beki wa pili atoke kwenye nafasi yake. Hispania ilipotwaa Euro 2024 ikiwa na yeye upande mmoja na Lamine Yamal upande mwingine, dawa hiyo haikuhitaji mchoro.

Kwa upande wa uimara, sumaku zinashika vizuri ubao ukisimamishwa, isipokuwa ya mpira, ambayo ni nyepesi mno na huanguka mtu akigusa meza. Kalamu iliyokuja nao iliacha kivuli cha bluu kisichofutika kwa kitambaa kikavu, hivyo nunua nyingine. Kocha anayeandaa timu kukabili wapinzani wanaojihami anaweza kuuchukua bila wasiwasi, mradi amkabidhi mchezaji mmoja vidonge vyekundu na mwingine vya bluu wavisogeze kwa wakati mmoja, kisha awatoe nje wakarudie zoezi hilo kwa mpira wa kweli kabla wino haujakauka.